Saratani ya titi: jinsi ya kuwalinda wanawake walio katika hatari kubwa zaidi, Jinja na Mbale

Je, mama yako mzazi, dada yako wa tumbo moja au binti yako amewahi kuugua saratani ya titi? Kama jibu ni ndiyo, hatari yako wewe ya kuugua ni takribani mara mbili ya mwanamke asiye na ndugu wa namna hiyo. Hii haina maana kwamba lazima utaugua. Wengi walio na historia hiyo katika familia hawaugui kamwe. Maana yake ni kwamba unahitaji kufuatiliwa mapema zaidi na kwa ukaribu zaidi kuliko wengine.

Makala hii ni kwa ajili yako kama unaishi Jinja, Mbale au maeneo ya jirani, uwe mkimbizi au mwenyeji. Pia ni kwa wakunga, wahudumu wa afya wa kijiji (VHT), viongozi wa jamii na vikundi vya akina mama wanaotaka kuanzisha mpango wa kinga katika kituo chao cha afya. Mpango wa namna hii hausubiri mashine ya gharama kubwa. Unaanza na maswali sahihi, daftari, mikono iliyofunzwa na njia ya rufaa ambayo mgonjwa anaweza kuifuata hadi mwisho.

Kwa nini jambo hili linatuhusu?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya titi duniani, na watu 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Katika nchi tajiri wengi hupona kwa sababu hugunduliwa mapema. Hapa Uganda wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa umeshakuwa mkubwa, umetoboka kuwa kidonda au umesambaa mwilini. Tena wagonjwa wetu wengi ni wanawake walio chini ya miaka 50, ambao bado wanalea watoto.

Utafiti mmoja mkubwa uliofuatilia wanawake wenye saratani ya titi katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo, ulihesabu pia watoto wanaoachwa. Kwa kila wanawake 100 wa chini ya miaka 50 waliofariki, zaidi ya watoto 200 walibaki bila mama. Kwa familia ya wakimbizi ambayo tayari imepoteza ndugu vitani au njiani, kumpoteza mama mara nyingi ni kupoteza mlezi wa mwisho.

Nani yuko katika hatari kubwa zaidi?

Kila mwanamke anaweza kuugua. WHO inasema karibu nusu ya wagonjwa hawana sababu yoyote inayojulikana isipokuwa kuwa mwanamke na kuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Wanaume pia huugua, ingawa ni wachache: kati ya nusu asilimia na asilimia 1 ya wagonjwa wote.

Hata hivyo, wako ambao hatari yao ni kubwa zaidi. Mwambie mhudumu wa afya kama:

- mama yako mzazi, dada wa tumbo moja au binti yako aliugua saratani ya titi, hasa kabla ya miaka 50;
- ndugu wawili au zaidi wa upande mmoja wa familia waliugua;
- kuna ndugu aliyeugua matiti yote mawili, au mwanaume wa ukoo aliyeugua saratani ya titi;
- kuna ndugu aliyeugua saratani ya ovari;
- wewe mwenyewe umewahi kuugua saratani ya titi, au ulichukuliwa kipimo cha titi na kuambiwa kuna chembe zisizo za kawaida;
- ulitibiwa kwa mionzi kifuani ukiwa mtoto au kijana, kabla ya miaka 30.

Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya titi, 5 hadi 10 hivi wameirithi kupitia jeni zenye hitilafu. Zinazojulikana zaidi ni BRCA1 na BRCA2. Makadirio ya Marekani yanaonyesha kwamba zaidi ya wanawake 60 kati ya 100 wenye hitilafu katika mojawapo ya jeni hizo watapata saratani ya titi katika maisha yao, ikilinganishwa na 13 hivi kati ya 100 kwa wanawake wote wa nchi hiyo. Usidhani ni tatizo la watu wa mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulizikuta jeni hizo hizo kwa wagonjwa wa Uganda na Cameroon.

Maswali ya ukoo: uliza kwa namna inayoeleweka

Hapa ndipo mipango mingi hukosea. Fomu inauliza, "Je, mama au dada yako aliugua saratani ya titi?" Kwetu neno "mama" linaweza kuwa mama mzazi, mama mdogo, mke mwenza wa mama au jirani aliyekulea baada ya kukimbia. "Dada" anaweza kuwa binti wa shangazi au mtu mliyekutana naye kambini. Mtu akijibu "ndiyo" au "hapana" bila kufafanua, jibu hilo halina kazi.

Kama wewe ndiye unayeuliza, fuata mambo haya manne:

1. Uliza undugu wa damu. "Ni mama aliyekuzaa?" "Mlinyonya ziwa moja?" "Huyo mama mdogo ni wa tumbo moja na mama yako?"
2. Uliza pande zote mbili. Jeni yenye hitilafu inaweza kutoka kwa baba pia. Shangazi na bibi mzaa baba wana uzito sawa na mama mdogo na bibi mzaa mama.
3. Uliza dalili, usiulize jina la ugonjwa tu. Ndugu wengi walifariki bila kupimwa. Familia inakumbuka "jipu la titi lisilopona", "kidonda cha ziwa chenye harufu" au "alirogwa". Andika maelezo hayo kama yalivyo.
4. Uliza umri kwa matukio. Asiyejua mwaka anaweza kukumbuka kwamba mama alifariki kabla dada mkubwa hajaolewa, au vita vilipoanza. Kutokana na hapo mnaweza kukadiria.

Na kama hujui habari za ukoo wako kwa sababu mlitawanyika? Sema hivyo. "Sijui" si sawa na "hakuna". Mhudumu aandike "haijulikani", akupe elimu ya dalili, na swali lirudiwe siku utakapopata habari. Ukimpata ndugu kwa simu, pamoja na salamu za nyumbani, muulize pia nani aliugua nini.

Mpango unajengwaje katika kituo cha afya?

*Hatua ya 1: Swali liulizwe kila mahali ambapo wanawake tayari wanafika.* Kliniki ya wajawazito, chanjo ya watoto, uzazi wa mpango, huduma za VVU. Mwanamke asitakiwe kupanga safari ya pekee ili tu aulizwe.

*Hatua ya 2: Daftari la ufuatiliaji.* Jina, umri, namba ya simu na ya mtu wa karibu, sababu ya kuwekwa kwenye daftari, tarehe aliyopimwa na tarehe ya kurudi. Daftari lifungiwe. Katika jamii zetu binti anaweza kukataliwa na wachumba kwa uvumi kwamba "kwao kuna kansa". Siri ikivuja mara moja, hakuna atakayesema ukweli tena.

*Hatua ya 3: Mikono iliyofunzwa.* Mkunga au muuguzi aliyefundishwa anaweza kupapasa matiti na makwapa na kutambua kisicho cha kawaida. Kwa walio katika hatari kubwa, uchunguzi huu unafaa kufanywa kila miezi 6 hadi 12. Kwa kawaida, mwenye ndugu aliyeugua akiwa kijana huanza kufuatiliwa miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligunduliwa. Kama mama aliugua akiwa na miaka 42, binti aanze akiwa na miaka 32.

*Hatua ya 4: Njia ya rufaa inayojulikana.* Kabla hujampima mwanamke wa kwanza, uwe na majibu: akikutwa na uvimbe atapelekwa wapi, siku gani, atapokelewa na nani? Hospitali za rufaa za mkoa za Jinja na Mbale ndizo ngazi ya juu ya serikali katika eneo hili kabla ya Kampala. Ile ya Mbale pia inafundisha wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Busitema. Kubalianeni na hospitali kuhusu siku maalumu na mtu wa kuwasiliana naye.

*Hatua ya 5: Nauli, chakula na msindikizaji.* Matibabu mengi ya saratani yanapatikana Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala, inayofanya kazi tangu 1967. Kutoka Jinja ni kilomita 80 hivi. Kutoka Mbale ni zaidi ya 200. Aliyeambiwa arudi mara nne kwa vipimo anahitaji nauli mara nne, mtu wa kubaki na watoto na mahali pa kulala. Mpango usio na bajeti ya nauli ni mpango wa kuwatia watu hofu tu. Taasisi hiyo pia imekuwa na kituo cha huduma za jamii huko Mayuge, katika Busoga. Ulizia kwenye hospitali ya rufaa ni huduma zipi zinapatikana huko kabla ya kusafiri.

*Hatua ya 6: Hesabu waliofika.* Usitosheke na kuhesabu waliopimwa. Hesabu wangapi walipewa rufaa, wangapi walifika hospitali, wangapi walipata majibu na wangapi walianza matibabu. WHO inataka majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mhudumu. Andika tarehe zote mbili kwenye daftari; ndipo utajua mpango wako unafanya kazi au la.

Je, mambo haya yamewahi kufanikiwa mahali kama kwetu?

Ndiyo. Katika jimbo la Gezira, Sudan, wanawake wa vijijini waliojitolea walifundishwa kupima matiti. Katika eneo moja, kuanzia mwaka 2010, walipima wanawake zaidi ya 10,000. Wanawake 138 walionekana kuwa na tatizo na kuelekezwa hospitali, na 118 wakafika. Wengi, 101, hawakuwa na saratani. Kumi na saba walikutwa na saratani au hatua yake ya mwanzo kabisa, na kwa wengi wao ilikuwa bado inatibika. Angalia pia wale 20 ambao hawakufika: ndiyo maana hatua ya 5 ina uzito sawa na hatua ya 3.

Rwanda nako, baada ya kituo cha saratani cha Butaro kufunguliwa mwaka 2012, wauguzi wa vituo vya afya katika wilaya ya Burera walifundishwa kupima matiti na kutoa rufaa kwenda hospitali hiyo hiyo ya wilaya yao.

Lakini tuseme ukweli wote. Huko Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 walifuatiliwa kwa miaka 20. Waliopimwa kwa mikono kila baada ya miaka miwili waligunduliwa mapema zaidi. Vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30 kwa waliokuwa na miaka 50 na kuendelea, lakini kwa walio chini ya umri huo upungufu haukuonekana wazi. Kwa hiyo mwanamke kijana aliye katika hatari kubwa asiishie kwenye kupapaswa tu. Anahitaji pia kufikishwa haraka kwenye ultrasaundi na daktari. Mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, haioni vizuri katika matiti ya wanawake wengi vijana kwa sababu nyama yake bado imeshikana.

Je, kuna dawa ya kuzuia?

Ipo, lakini si kwa kila mtu. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake zaidi ya 13,000 walio katika hatari kubwa ulionyesha kwamba dawa ya tamoksifeni ilipunguza saratani ya titi kwa karibu nusu. Dawa hiyo ina madhara: inaweza kusababisha damu kuganda katika mishipa na kuongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba, na haitumiwi na mjamzito. Usiinunue dukani kwa ushauri wa jirani. Daktari ndiye anayepima faida na hasara kwako.

Upasuaji wa kuondoa matiti kabla ya kuugua ni kwa wachache wenye hatari kubwa sana. Huenda umemsikia Angelina Jolie, mwigizaji wa filamu aliyekuwa mjumbe maalumu wa UNHCR. Mwaka 2013 alitangaza kwamba ameondolewa matiti yote mawili baada ya kupimwa na kukutwa na jeni ya BRCA1 yenye hitilafu. Mama yake alifariki akiwa na miaka 56. Yeye alipata kipimo cha jeni na upasuaji kwa urahisi kuliko sisi. Lakini hatua yake ya kwanza ni ile ile unayoweza kuichukua wewe leo: alijua historia ya mama yake na akaisema kwa daktari.

Unaweza kufanya nini nyumbani?

- Zoea matiti yako. Yaangalie na uyapapase mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi. Tafuta uvimbe, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, damu kwenye chuchu, kidonda au uvimbe wa kwapa.
- Usisubiri maumivu. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni.
- Kama unanyonyesha na umepewa dawa za jipu, rudi kituoni ikiwa uvimbe haujaisha baada ya wiki mbili. Omba ultrasaundi.
- Nyonyesha ukiweza. Kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4 hivi.
- Punguza au acha pombe. Malwa, waragi na bia vyote vina kileo, na kileo huongeza hatari hata kikiwa kidogo.
- Fanya mazoezi au kazi za mwili, na jihadhari na unene uliozidi, hasa baada ya hedhi kukoma.
- Kama unatumia uzazi wa mpango wa homoni na kuna saratani katika ukoo, zungumza na mhudumu kuhusu njia inayokufaa. Usiache ghafla bila kuwa na njia nyingine.

Yasiyo ya kweli

Kuweka sarafu, noti au simu ndani ya sidiria hakuleti saratani. Kugongwa titi hakuleti saratani, ingawa maumivu ya kugongwa yanaweza kukufanya ugundue uvimbe uliokuwepo. Saratani haiambukizwi kwa kula pamoja, kulala pamoja au kumnyonyesha mtoto. Na kuchukua kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano ili kupimwa hakuusambazi ugonjwa. Kinachoupa nafasi ya kusambaa ni miezi inayopotea ukizunguka kwa waganga.

Haki zako ukifika kituoni

Sheria na sera za Uganda zinampa mkimbizi haki ya kutumia vituo vya afya vya serikali sawa na mwenyeji, hata kama unaishi mjini Jinja au Mbale na si katika makazi ya wakimbizi. Huduma katika vituo vya serikali hazina ada tangu 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali. Wakati mwingine, hata hivyo, dawa au kipimo hukosekana na mgonjwa huelekezwa kwingine anakotakiwa kulipa. Uliza gharama mapema. Beba kitambulisho chako cha mkimbizi au karatasi ya familia, barua ya rufaa na majibu yote ya zamani.

Una haki ya kuomba mhudumu wa kike. Una haki ya kuomba mkalimani mtu mzima unayemwamini. Mtoto wako asitumwe kutafsiri habari za titi lako. Una haki ya kuuliza tena mpaka uelewe, na kuandikiwa tarehe ya kurudi.

Kama umezuiwa kupata huduma, au unahitaji kujua msaada uliopo kwa wakimbizi, piga simu bila malipo kwa laini ya UNHCR na washirika wake: 0800 323232. Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umeshaendelea, Rays of Hope Hospice Jinja hutoa huduma ya kupunguza maumivu na kumfariji mgonjwa na familia yake katika Busoga.

Anza na nini leo?

Kama wewe ni mhudumu au kiongozi wa kikundi, anza na daftari, maswali manne ya ukoo na simu moja kwa hospitali ya rufaa kupanga siku ya kupokea wagonjwa wenu.

Kama wewe ni mama, dada au binti, keti na wakubwa wa familia uwaulize nani aliugua, upande gani na akiwa na umri gani. Andika kwenye karatasi na uiweke pamoja na kadi yako ya kliniki. Siku utakayokwenda kituo cha afya kwa jambo lolote, hata chanjo ya mtoto, mpe mhudumu karatasi hiyo umwambie: "Hii ni historia ya kwetu. Naomba nipimwe na nipewe tarehe ya kurudi."